Madigadi ya Upande wa Kushoto

Siku niliyokwenda kwa Garland Stoltz nilitaka trela tu, sikutaka ugomvi. Watu wa mji wetu wa Tessler wanasema vingine, wanasema niliondoka nyumbani na damu machoni. Waongo. Niliondoka na mkate wa nyama baridi, kahawa kwenye chupa, na Birdie akija mchakamchaka kando ya gari.

Ndiyo, kando ya gari. Mtu asiye na trela atamfikishaje farasi wake kwenye trela anayotaka kuijaribu? Nilishusha kioo, mkono wa kushoto ukashika kamba, wa kulia usukani, tukaenda taratibu kwenye barabara ya vumbi. Hapa Wyoming hakuna anayegeuza shingo kwa jambo kama hilo. Kununua trela kuukuu bila kumwingiza farasi wako mwenyewe ni sawa na kununua viatu kwa kuviangalia dirishani.

Nilikuwa na haraka kwa sababu kisima changu kilikauka. Hakikukauka chenyewe. Wakubwa wa kaunti walimruhusu tajiri mmoja wa viazi achimbe kwenda chini mpaka karibu na jehanamu, maji yote yakamfuata. Nilipokwenda kulalamika, yule mwenye tai aliniambia nisubiri kikao. Farasi mwenye mimba hasubiri kikao. Nilikuwa namchotea Birdie maji kwa mapipa kutoka mjini, na mgongo wangu umeshachoka. Dada wa marehemu mke wangu, Idella, anakaa ng'ambo ya milima, kijito kinapita katikati ya shamba lake. Aliniambia, "Mlete, shemeji, na wewe uje." Nisingempeleka huko ningebaki na mnada, na mnadani farasi jike mzee ananunuliwa na watu wa nyama. Verlene wangu alipokuwa anakata roho hakuniambia nimkumbuke, wala hakuniambia nisali. Aliniambia, "Birdie asiende mnadani, Orrin." Ndilo hilo tu aliloniomba.

Trela tulikuwa nayo zamani. Ya alumini, ya farasi wawili wanaosimama bega kwa bega. Iliibwa mchana kweupe, majira ya joto mwaka juzi, mimi nikiwa bondeni nakata majani. Niliporudi nilimkuta Verlene amelala getini, nyonga imevunjika, mdomo umejaa vumbi. Alikuwa amesimama getini kumzuia mwizi. Jua lilikuwa linawaka kwenye kioo cha lori, sura hakuiona. Trela ndiyo iliyompiga, ikampitia. Ambulansi ilikuja kutoka upande wa pili wa kaunti, maana kituo chetu wakubwa walishakifunga ili wapate pesa za kujenga ofisi. Tulikaa pale kwenye vumbi mpaka kivuli cha nguzo kikatufunika. Hakuiona theluji ya mwaka ule.

Aliyekuja kuandika habari, ambulansi ikiwa bado njiani, alikuwa msaidizi wa sherifu, Royce Stoltz. Verlene alimwambia mwenyewe, kwa mdomo wake, "Nimegongwa na trela." Royce akanivuta pembeni akasema, "Mzee, kichwa kimepata mshtuko. Bibi ameanguka." Akaandika ameanguka, akaniambia nivute subira. Trela nayo akaandika imepotea, kana kwamba trela ni paka.

Royce huyo ni ndugu wa Garland. Nililijua hilo nilipokwenda. Lakini Garland ndiye peke yake aliyekuwa anauza trela ninayoweza kuimudu, na mimi wakati ule sikuwa na la kuunganisha. Nani angewaza?

Garland hununua farasi wa nyama. Uwanja wake una mazizi ya chuma na harufu ambayo haitoki kwenye nguo. Alikuja kunipokea akicheka, tumbo mbele.

"Mzee Orrin! Umemleta kwa miguu? Si ungemvalisha hata raba!"

"Trela ndiyo ile?"

"Bibi harusi mwenyewe. Umri umekwenda kidogo, lakini alumini tupu. Haishiki kutu."

"Haishiki kutu, inaliwa na mkojo," nikamwambia. "Nisogezee mikeka."

Royce alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba anakula viazi vya kukaanga, suruali ya kazi, fulana, bastola kiunoni. Alininyooshea uma. "Mzee huyu atakukagua mpaka meno, Garland."

Nilikagua kweli. Niliingia na kuinua mikeka ya mpira, nikachoma sakafu kwa kisu. Mbao zilikuwa mpya. Chini yake alumini ilikuwa na vidonda kidogo, si vibaya. Taa zilikuwa mpya, na kibati cha namba nacho kipya, kimepigwa ribiti juujuu. Nje, rangi ileile ya maji ya vyombo ambayo trela zote za zamani za alumini zinayo. Madigadi ya kulia, lile bati la kufunikia tairi, ilikuwa na vishimo vya mvua ya mawe. Ya kushoto ilikuwa inang'aa kama sufuria ya dukani.

"Mbona mpya ni upande mmoja?"

"Nguzo ya geti," Garland akasema. "Mke wangu aliiparamia."

Royce alipaliwa na kiazi. "Mke gani? Nani amvumilie huyu?"

"Basi mke wa mtu!" Garland akacheka, akanipiga begani. "Sikia, mzee. Tusiumizane na mambo ya bei. Nipe huyo jike, chukua trela, kila mtu aende zake."

"Ana mimba."

"Kwenye mizani mimba nayo ni uzito."

Nilimwambia Birdie si wa kubadilishana, bei nitatoa. Akainua mikono kama mtu aliyenyanyaswa, kisha akaenda kuchukua fimbo ya umeme, ile ya kuswagia ng'ombe.

"Ya nini hiyo?"

"Utaiomba mwenyewe. Kila farasi niliyemleta kwenye hii trela amegoma. Wananusa wenzao. Huyo wako atapanda juu ya paa kabla hajaingia ndani."

"Ukimgusa nayo," nikasema, "nitakuingiza nayo mahali usipofikia kujikuna."

"Yesu wangu!" Royce akasema kutoka ngazini. "Mzee ameamka!"

Nikamleta Birdie nyuma ya trela, mlango umeshushwa. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza, maana tangu Verlene afe hakuwa amepanda trela yoyote. Jirani alijaribu kunisaidia na yake, Birdie akamvunja kidole. Sasa alisimama. Masikio yakaenda mbele. Akavuta pumzi ndefu, tena ndefu, kisha akaninyang'anya kamba mkononi na kuingia mwenyewe. Hakuingia kulia palipokuwa karibu. Alizunguka akaingia kushoto, kwato zikalia kwenye mbao kama mtu anayerudi jikoni kwake. Akafika mbele, akainamisha kichwa, akaanza kulamba pembe ya ukuta.

Garland alipiga mluzi. "Chukua basi, ni yako!"

Nilipita kwenye kile kimlango cha mbele nikaangalia alipokuwa analamba. Palikuwa na mahali pang'avu, ukubwa wa kisosi, alumini imelika laini mpaka imekuwa kibonde. Verlene alikuwa na tabia yake. Kila safari alichanganya chumvi na asali ya miwa, akapaka kwenye pembe ile kwa kiganja, ili Birdie aione trela kuwa mahali pazuri. Miaka na miaka. Mimi nilikuwa namcheka, namwambia utamfanya ale gari. Garland alibadilisha mbao, akabadilisha taa, akabadilisha namba. Pale palipolambwa hakupaona. Angepaonaje? Farasi wake hawakuwahi kupakiwa mara mbili.

Nikaweka kiganja changu pale. Kikaingia.

Mikono yangu iliendelea na kazi peke yake. Nilizunguka nyuma, nikapitisha chuma cha kuzuia nyuma ya matako yake, nikakipigilia pini. Nikarudi mbele nikamfunga kamba. Kwa utaratibu huohuo: kwanza unafunga nyuma, ndipo unafunga kichwa. Kumtoa ni kinyume chake, kichwa kwanza. Farasi aliyefungwa kichwa huku nyuma kuko wazi atarudi kinyumenyume, kamba itamkamata, na hapo anakuwa bomu. Hata mtoto wa hapa anajua.

Nilikwenda kwenye gari langu nikachomoa kile chuma kizito cha kuvutia trela, chenye mpira wake wa chuma mwishoni. Garland alidhani nakwenda kupima kama kinaingia.

"Garland," nikasema, "geti langu halina nguzo upande wa kushoto. Nililijenga mwenyewe, lina mti mmoja tu, na uko kulia. Kushoto alikuwa amesimama mke wangu."

Aliyenijibu ni Royce, maana aliacha kutafuna.

Nikampiga Garland mdomoni. Meno yalitoka na sauti kama njugu zinazopasuliwa. Alijishika uso, nikampiga kiwiko, mkono ukageukia upande usio wake. Alilia kwa sauti nyembamba, sauti ya mtu asiyewahi kupigwa tangu utotoni, na mimi nasema kweli, ilinifurahisha. Nilimpiga tena mbavuni. Nilikuwa nataka kuendelea mpaka asiwe na umbo.

Royce alinirukia kwa nyuma. Ni mtu mara mbili ya mimi. Tulianguka kwenye mavi na changarawe, akanisagia uso chini, akaniwekea goti shingoni. "Utafia jela, mzee mpumbavu! Umesikia? Utafia huko!" Nilipata kidole chake nikakiuma mpaka meno yangu yakakutana na kitu kigumu. Akanipiga sikioni kwa kitako cha bastola. Dunia ikalia kengele.

Basi Garland angekaa chini atulie, mambo yangeishia hapo na mimi ningekuwa jela. Lakini hakukaa. Aliinuka, damu inamtoka kidevuni, akaokota ile fimbo ya umeme kwa mkono mzima.

"Namtoa!" akapiga kelele, maneno yakitoka kwenye mapengo. "Namtoa huyo jike wake, namchinjia hapahapa mbele ya macho yake!"

"Garland, mwache!" Royce alisema, goti bado shingoni kwangu. "Nipe pingu, ziko mezani!"

Garland alishaifika trela. Akachomoa pini, akaangusha chuma cha nyuma. Maisha yake yote ameshughulika na farasi, lakini farasi wa nyama hafungwi kichwa. Wanaswagwa wakiwa huru, wanaingia kwa umeme, wanatoka kwa umeme. Hakukumbuka kamba. Akamchoma Birdie pajani.

Birdie akarudi nyuma kama jiwe lililorushwa. Kamba ikamkamata. Kichwa kikapiga dari, trela nzima ikainuka upande mmoja, akajitupa mbele, akajitupa nyuma tena, na Garland alikuwa kati yake na mlango. Teke la kwanza lilimpata kifuani. La pili lilimbana kwenye ukingo wa mlango, na kiatu cha chuma kikamchana paja kutoka juu mpaka gotini. Alianguka chini ya kwato na hakupata nafasi ya kutoka. Kila Birdie alipovuta kamba, miguu ya nyuma iliteleza kwenye damu, na kila alipotafuta pa kukanyaga alimkanyaga yeye.

Royce aliniacha. Alisimama, akashika bastola kwa mikono miwili, akaielekeza kwenye kichwa cha Birdie kupitia kidirisha. Nikaokota chuma changu nikampiga mkononi alipofyatua. Risasi ikatoboa paa. Bastola ikaruka, nikaipiga teke ikaingia chini ya zizi.

Wanaonilaumu wanasema nilisimama nikaangalia. Nilisimama, ndiyo, kwa kiasi cha pumzi moja. Nilimsikia Garland akimwita mama yake. Nikafikiria jinsi Verlene alivyolala na vumbi mdomoni. Lakini Birdie alikuwa ananing'inia kwenye ile kamba, macho yamegeuka meupe, na shingo ingevunjika. Nikaingia kwa kimlango cha mbele nikaikata kamba kwa kisu. Alitoka kinyumenyume, akampita Garland mara ya mwisho, akasimama katikati ya uwanja anatetemeka, povu kifuani. Nilimkatia kamba yeye. Sikumkatia Garland.

Royce alikuwa amepiga magoti, amevua mkanda wake, anamfunga ndugu yake paja juu kabisa. Damu ilikuwa inaruka. Alivuta mkanda kwa mikono yote miwili, kidole kimoja kimening'inia, na damu ikapungua, ikawa inatiririka. Alipolegeza kidogo iliruka tena.

"Piga simu!" akaniambia. "Ita ambulansi!"

"Iko upande wa pili wa kaunti," nikasema. "Unaijua inavyokuja. Ulikuwepo."

"Mzee Orrin. Tafadhali."

"Siku ile uliniambia nivute subira."

"Gari langu lile pale, funguo zimo. Endesha wewe, mimi siwezi kuachia huu mkanda. Mzee, nakuomba kwa jina la Mungu!"

Nilikwenda kwa Birdie, nikamshika hatamu, nikampapasa miguu mmoja mmoja. Alikuwa amechubuka kisigino na nyusi ilikuwa imepasuka. Nikaweka sikio tumboni kwake. Sijui nilitarajia kusikia nini. Sikio lenyewe lilikuwa linalia kengele. Halafu kitu kikanisukuma shavuni kutoka ndani, teke dogo. Nikabaki nimeegemea pale kidogo. Royce alikuwa analia sasa, anamwambia ndugu yake asilale.

Nikarudisha gari nyuma mpaka kwenye trela, nikarudisha chuma mahali pake, nikaangusha kichwa cha trela juu ya mpira, nikafunga minyororo. Nikamleta Birdie. Nilidhani atakataa. Alinusa damu, akakoroma, akasimama muda mrefu. Kisha akaingia upande wake wa kushoto, akaanza kulamba. Nikafunga nyuma, nikafunga kichwa.

"Upande wa kulia uko wazi," nikamwambia Royce. "Mpakie."

"Humo? Na huyo mnyama?"

"Humo. Au baki naye hapa usubiri kikao."

Tulimbeba pamoja, mimi mabega, yeye miguu na mkanda. Tukamlaza kwenye mbao mpya alizoziweka mwenyewe. Kabla sijafunga mlango nilisimama.

"Sema."

"Niseme nini? Anakufa, mzee!"

"Ulichoandika."

Royce alinitazama kutoka pale chini, mapaja yake mekundu. "Garland ndiye aliyekuwa anaendesha," akasema. "Aliniambia hakumwona mpaka alipokuwa amemfikia. Ni ndugu yangu. Ungefanya nini wewe? Nikaandika ameanguka."

Nikafunga mlango.

Sikuendesha vibaya. Wengine wanasema nilifuata mashimo makusudi. Nisingefanya hivyo, nilikuwa na farasi mwenye mimba nyuma. Tulipita getini kwangu, na sikutazama kushoto. Kila nilipopunguza mwendo nilisikia kwato za Birdie zikipapasa, na Royce akiomba, sijui kwa Mungu au kwa farasi.

Kwenye mlango wa hospitali ya mjini waliwatoa. Garland alikuwa na rangi ya karatasi, lakini alikuwa anapumua. Muuguzi mwanamke alikuja na kalamu yake, akaniangalia mimi sikio limevimba, akamwangalia Royce fulana imelowa damu, kidole kimekatika nusu.

"Imekuwaje?"

Royce alinitazama. Nilikuwa na mdomo, na yeye alijua nina mdomo.

"Ameanguka," Royce akasema.

Muuguzi akaandika.

Sikwenda kwa sherifu. Kumwambia nini? Kuwa msaidizi wake mwongo? Ndiye aliyemwajiri. Niliwasha gari nikashika barabara ya milimani, tukafika kwa Idella kabla jua halijazama. Birdie alishuka kinyumenyume pole pole, akaenda moja kwa moja kwenye kijito, akanywa mpaka nikamhurumia.

Idella alikuja na mpira wa maji kuosha trela. Akasimama mlangoni. "Shemeji, hii damu yote ni ya Birdie?"

"Hapana."

Aliniangalia, akaangalia tundu la risasi kwenye paa, kisha akaingia ndani mpaka mbele. Alikawia humo, nikajua ameiona ile pembe. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akafungulia maji kwa nguvu.

Mwana wa Birdie alizaliwa salama, dume, rangi ya mama yake. Garland naye yuko hai, nasikia anatembea kwa magongo na ameacha biashara ya nyama. Hakuna aliyekuja kudai trela. Asubuhi baada ya safari ile nilichukua spana nikaifungua ile madigadi ya kushoto, nikaitupa kwenye korongo. Tairi la upande ule sasa liko wazi, na mvua ikinyesha linarusha matope mpaka kwenye kioo changu cha nyuma. Idella ameniambia niweke nyingine. Nimemwambia hapana, wacha lirushe.